Ndege Juu ya Jeki

Ukitaka kujua fundi wa ndege ana mkono wa namna gani, usimtazame akifungua injini. Nenda siku anapokagua magurudumu.

Tuseme ndege ni Piper Seneca, ya injini mbili, ambayo marubani wengi wamejifunzia. Fundi huweka jeki chini ya kila bawa, hufunga uzito mkiani ili pua isiiname, kisha huinua pole pole mpaka magurudumu yote matatu yaning'inie. Mwenzake aliye ndani anapandisha swichi, pampu inanguruma, miguu inakunjwa. Anaishusha swichi, miguu inakunjuka. Wanarudia. Halafu wanarudia tena, na mtazamaji asiyejua hudhani wanacheza.

Hawachezi. Seneca haina ndoano ya kushikilia magurudumu yakiwa juu; yanashikiliwa na msukumo wa mafuta ya haidroliki tu. Mafuta yakivuja, magurudumu yanaporomoka yenyewe. Aliyeibuni alikubali tangu mwanzo kwamba pampu itakufa siku moja, akahakikisha kifo chake kinaelekea upande wa usalama. Rubani hupunguza mwendo, huvuta kitufe cha dharura, na uzito wa magurudumu ukisaidiwa na springi humaliza kazi. Beechcraft Baron ina njia nyingine: mota ya umeme ikigoma, rubani hushika mkono wa chuma nyuma ya viti vya mbele na kuuzungusha mizunguko kama 50, huku akiendelea kurusha ndege.

Lakini kushuka si kujifunga, na ufundi wote uko hapo katikati. Gurudumu linaweza kuonekana limenyooka, ndoano ya kulifunga likiwa chini ikawa haijakaa barabara. Likigusa lami, linajikunja kama goti la mlevi. Ndiyo maana fundi hulala chali chini ya bawa na tochi. Huutikisa mguu kwa mkono akisikiliza kama umelegea. Hutazama ndoano inavyoingia mahali pake, kisha hukagua swichi ndogo iliyo kando yake: je, inawasha taa baada ya ndoano kukaa, au kabla? Ikiwahi hata kidogo, rubani ataletewa habari njema ya uongo. Taa ya kijani si gurudumu. Ni ushahidi wa swichi tu, na shahidi lazima ahojiwe. Mwisho pampu huzimwa, kitufe cha dharura huvutwa, na magurudumu hutakiwa yashuke na kujifunga bila msaada.

Rubani naye ana zamu yake ya subira. Taa moja isipowaka, mzoefu hachanganyikiwi. Hubadilisha balbu na ya jirani yake. Huangalia kama taa za usiku zimewashwa, kwa maana katika Seneca zikiwashwa, zile za kijani hufifia, na mchana huonekana kama zimezimika. Muda wote huo mtu lazima aendelee kurusha ndege. Mwaka 1972, karibu na Miami, wafanyakazi wa ndege kubwa ya shirika la Eastern walizama katika kushughulikia balbu moja iliyoungua ya gurudumu la mbele. Hakuna aliyeona kwamba ndege inashuka. Watu 101 walikufa, na gurudumu lenyewe lilikuwa limeshuka na kujifunga.

Kwa hiyo ninapomwona fundi akirudia zoezi lile mara ya nne, kwa sababu tu mara ya tatu alisikia mlio asioupenda, simwoni mtu mwenye wasiwasi. Namwona mtu anayemwondolea rubani swali kabla halijaulizwa angani. Mwaka 2005 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza gurudumu la mbele la Seneca likaguliwe, na bolti moja ya kiungo chake ibadilishwe kila saa 500 za kuruka. Fundi huitoa, huipangusa na kuitazama kwenye mwanga. Hata ikiwa nzima, hairudi kwenye ndege.