Ameandikwa kazi, lakini maandishi yanasemaje?

Juzi nikiwa Burumba, mjini Busia, mpwa wangu alinijia na karatasi mbili mkononi. “Mjomba, nimeandikwa kazi hotelini. Hebu nisomee hapa nilipotia sahihi.” Nikabaki kinywa wazi. Mtu hutiaje sahihi kwanza, kisha akatafuta wa kumsomea?

Tuanze na maneno yenyewe. Husema fulani “ameandikwa kazi” hata pale ambapo kalamu haikugusa karatasi. Neno “kibarua” nalo asili yake ni barua ndogo: mfanyakazi wa kutwa alipewa cheti cha kuonyesha apate ujira wake, na jina la cheti likamshika yeye na kazi yake. Leo cheti kimetoweka, kibarua yungali pale. Lugha inakumbuka maandishi ambayo waajiri wengi wameyasahau.

Mpwa wangu alikuwa nayo maandishi, ila yalikuwa na kasoro. Kila sharti liliandikwa kwa Kiingereza, kisha chini yake Kiswahili cha kubahatisha. Moja lilisema anayechelewa mara tatu “atasimamishwa kazi bila notisi”.

“Hiyo si mbaya, mjomba. Nitakaa nyumbani wiki moja nirudi.”

Kumbe Kiingereza cha juu kilisema ataachishwa kazi kabisa! Kusimamishwa ni kwa muda. Aliyesimamishwa bado ni mfanyakazi. Kuachishwa, au kufutwa kama tusemavyo mtaani, ndio mwisho wa mambo. Mfasiri alikosea kitenzi kimoja tu, lakini gharama yake ni mshahara wa msichana.

Utaniambia mwenye hoteli ndogo hana pesa za wakili. Nakubali. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 haimdai ufasaha wa wakili. Kifungu cha 9 chasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, mwajiri ndiye ahakikishe umeandaliwa, na asiyeelewa lugha yake aelezwe kwa lugha anayoielewa. Iwe Kiswahili, Kikhayo au Kiteso, ni sawa. Kifungu cha 41 nacho chataka anayekaribia kuachishwa kwa utovu wa nidhamu aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe. Tena mzozo ukifika mahakamani na mwajiri akakosa kutoa mkataba wa maandishi, kifungu cha 10 chamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha masharti. Kwa hiyo Kiswahili sahihi kinamkinga hata mwenye duka.

Tulimwendea mwajiri. “Mama, hapa ulimaanisha nini?” nikamuuliza kwa heshima. Akacheka kwa haya: karatasi aliinakili kwa jirani, na hata yeye hakuwa ameisoma yote. Tukaketi, tukaiandika upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Kabla ya kutia sahihi, mpwa wangu aliisoma kwa sauti, mama akimsikiliza.