Bawaba ya Juu Haikuomba Skrubu Nene

Mliotazama ukarabati wa ile Land Rover 109 yenye paa la kuinuka la Dormobile mnajua ninakoelekea: mlango wa nyuma. Matundu ya bawaba ya juu yalikuwa yamelika hadi yakawa na umbo la yai. Fundi akashika drili, akayapanua, akafunga skrubu nene za kujichimbia za chuma kisichoshika kutu. Kazi iliharibikia hapo.

Matundu yale hayakulika kwa sababu bolti zilikuwa nyembamba. Zililegea, mlango ukaanza kucheza, na kila mtikisiko wa barabara ya changarawe ukazigonga kwenye bati laini. Mlango huo hubeba gurudumu la akiba, mzigo unaozidi kilo 20, nao unaning'inia nyuma ya gari. Bawaba ya juu inavutwa nje muda wote, ya chini inasukumwa ndani. Mzigo wa namna hiyo hutawanywa kwenye eneo pana. Skrubu ya kujichimbia, iwe nene kiasi gani, inashika bati jembamba kwa hesi moja au mbili tu. Na alipotoka milimita 6 kwenda 8 alikula alumini iliyosalia kati ya tundu na ukingo. Fundi atakayekuja baada yake atatoboa wapi?

Mlisikia pia skrubu ya pili ilipokaza kisha ikazunguka bure. Hesi zilikuwa zimekwisha kukatika. Akahamia ya tatu bila kurudi nyuma. Mashine ya kukazia haina kiganja cha kuhisi bati linapokubali na linapokata tamaa. Bisibisi ya mkono ingemwambia mapema.

Kuna pia suala la metali zenyewe. Bodi ya gari lile ni Birmabright, aloi ya alumini na magnesi, ambayo Land Rover waliitumia tangu 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya vita. Chuma kisichoshika kutu kikigusana nayo penye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Likishinda pwani, gari hilo litatoa unga mweupe kuzunguka kila skrubu, na tundu litapanuka lenyewe bila drili. Hakuna washa ya plastiki iliyowekwa kuzitenganisha, wala pasti ya kuzuia kutu. Badala yake amepaka silikoni juu. Nimeilalamikia silikoni kwa miaka na sitaacha: inafunika kilicholegea, na maji yakishapenya nyuma yake hayana pa kutokea.

Mafundi waliolelewa na karakana za reli za Afrika Mashariki, kabla shirika la reli hizo halijavunjika 1977, wasingegusa tundu lile kabla ya kuangalia nyuma yake. Wangekata bati la alumini la milimita 3, wakalilaza nyuma ya nguzo ya mlango inayoshika bawaba, kupita eneo lililochoka, wakalishika kwa ribiti, kisha wakatoboa upya kwa kipimo cha awali na kupitisha bolti hadi ng'ambo, na washa pana na nati yenye pete ya nailoni. Pasipofikika kwa mkono kuna nati za ribiti, mradi tundu liwe la kipimo chake kamili, maana likizidi nati huzunguka ndani. Lakini hapa mkono ulifika! Ubao wa ndani alikuwa ameshaufungua mwenyewe ili apitishe waya wa taa.

Tumpe haki yake: turubai la paa limeshonwa vizuri, na komeo la mlango limerudishwa mahali pake sawasawa.

Mwenye gari aliondoe gurudumu mlangoni leo, alifunge juu ya boneti kama Land Rover nyingi za Series zilivyolibeba, na asilirudishe mpaka nguzo ile iwekewe bati nyuma.