Mfupa wa Ishango na wasomaji wake: falaki, mazingira na tiba

Mahali ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Edward, mashariki ya Kongo, panaitwa Ishango. Mwaka 1950 mjiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa mdogo, wenye urefu wa sentimita 10 hivi, uliochomekwa kipande cha jiwe gumu nchani na kuchongwa mikato katika safu tatu. Tangu de Heinzelin alipoueleza kwa wasomaji wengi mwaka 1962, mfupa huo umeandikiwa kurasa nyingi kuliko chombo kingine chochote cha kale kilichopatikana Kongo. Wenyewe umehifadhiwa Brussels. Linalostahili kuhakikiwa ni namna taaluma zilivyousoma, na mambo ambayo kila taaluma imeyaacha nje ya usomaji wake.

Usomaji wa kwanza ni wa hesabu. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ya kati ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. De Heinzelin aliona katika safu ya kwanza namba tasa zilizomo baina ya 10 na 20, katika ya pili kuongeza na kupunguza moja kwenye 10 na 20, na katika ya kati kuzidisha kwa mbili. Hoja hiyo inavutia, lakini inabeba mzigo mzito. Namba tasa haijulikani ila kwa mtu aliyekwisha kufahamu kugawanya, na namba nne hazitoshi kuthibitisha ufahamu huo. Isitoshe, kanuni ya kuzidisha inaonekana mwanzoni mwa safu ya kati, kisha inapotea kwenye 5 na 7 za mwisho. Kanuni inayopotea pale inapohitajika haijawa kanuni bado.

Usomaji wa pili ni wa falaki. Alexander Marshack, katika kitabu chake cha mwaka 1972, aliichunguza mikato hiyo kwa hadubini, akadai kwamba ni kumbukumbu ya mwandamo wa mwezi. Safu mbili zina jumla ya mikato 60 kila moja, na miezi miwili ya mwandamo ni siku 59. Hapo hoja inasimama imara. Lakini safu ya tatu ina mikato 48, ambapo mwezi mmoja na nusu ni siku 44 na kidogo; na mikato yote pamoja ni 168, ambapo miezi sita ni siku 177. Marshack anaziba pengo hilo kwa kusema kwamba siku za mwezi mchanga na za giza huhesabiwa kwa namna mbalimbali. Jibu hilo linawezekana, lakini lina hatari yake, kwa sababu kipimo kinachokubali kurefushwa na kufupishwa kinaweza kulingana na karibu kila kitu.

Usomaji wa tatu unaunganisha falaki na afya. Claudia Zaslavsky aliuliza ni nani aliyekuwa na haja ya kuhesabu siku za mwezi, akapendekeza kuwa huenda ni mwanamke aliyefuatilia siku zake. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu kulielewa wazo hilo. Katika lugha yake neno mwezi ndilo linalotaja kimulimuli cha usiku, na ndilo linalotaja muda wa siku 29 au 30; na mwanamke aliye katika hedhi husemwa kuwa yumo mwezini. Hata hivyo, yafaa kujihadhari. Kiswahili ni lugha changa mbele ya mfupa wenye umri wa miaka 20,000 hivi. Neno linaonyesha kwamba wazo kama hilo huwaingia watu kwa urahisi. Halithibitishi kwamba lilimwingia mchongaji wa Ishango. Sifa ya swali la Zaslavsky ni kwamba lilimrudisha mtu mwenye mwili na haja mahali ambapo wengine walikuwa wameona namba tupu.

Kasoro ya wasomaji wote watatu ni moja: waliutenga mfupa na ziwa. Waliokaa Ishango walikuwa wavuvi, na chusa zao za mfupa zimefukuliwa katika udongo huohuo. Huko Katanda, kwenye ukingo wa Semliki, pamepatikana chusa zilizokadiriwa kuwa na umri wa miaka 90,000 hivi, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa waliovuliwa kwa majira. Mvuvi wa namna hiyo anahitaji kujua mvua itaanza lini na samaki watapanda lini kutaga. Basi, kama mikato ni ya kuhesabu siku, mahali pa kuanzia uchunguzi ni majira ya ziwa, kabla ya kupaa mbinguni au kushuka katika nadharia ya namba.

Ziwa hilo nalo lina historia yake. Leo Ishango imo ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert. Mgeni akifika huona viboko, ndege na ukimya, akadhani kwamba hivyo ndivyo palivyokuwa tangu awali. John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya mbung'o na mazingira ya Afrika, alifundisha kuutilia shaka ukimya wa namna hiyo. Sotoka ya miaka ya 1890, vita na njaa viliua mifugo na watu. Vichaka vikarudi, wanyama wa porini wakavifuata, na mbung'o wakawafuata wanyama. Malale yalipoenea, utawala wa Waingereza uliwahamisha wakazi wa kingo za ziwa Edward upande wa Uganda, na baadaye, mwaka 1952, nchi iliyoachwa tupu ikafanywa hifadhi. Utupu huo ulitengenezwa na watu, tena kwa jina la tiba.

Upande wa Kongo, Maryinez Lyons ameeleza mwaka 1992 jinsi vita dhidi ya malale vilivyoendeshwa katika nchi ya Uele: vizuizi vya njia, hati za kusafiria, lazareti zilizofanana na magereza, na dawa ya atoksili yenye aseniki, iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa. Kitabu chake kinawapita wengi kwa kuonyesha kuwa wagonjwa walikuwa na akili yao juu ya ugonjwa, na kwamba kukimbia kwao lazareti kulikuwa na sababu. Mambo yamebadilika tangu hapo: mwaka 2018 dawa ya kumeza dhidi ya malale, feksinidazoli, iliidhinishwa Kongo, baada ya majaribio ambayo wagonjwa na waganga wa Kongo walishiriki kwa wingi. Mafanikio hayo yalipatikana kwa kwenda vijijini na kuzungumza na watu.

Hapo ndipo penye somo kwa wanafunzi wa Kiswahili. Jina papasi, na homa ya papasi, linamtaja mdudu pamoja na ugonjwa anaouleta. Daktari Dutton, aliyeichunguza homa hiyo mashariki ya Kongo pamoja na mwenzake Todd, alifia Kasongo mwaka 1905, akiwa ameugua homa hiyohiyo. Jina malale linataja dalili. Jina kilimia linazifunga nyota na jembe. Katika lugha, falaki, mazingira na tiba hazikutengana kama zilivyotengana katika vyuo.

Kwa hiyo fahari ya kutangaza kwamba hesabu ilizaliwa Ishango haina haja ya kupigiwa ngoma, maana ushahidi wake ni mwembamba. Kazi iliyo karibu zaidi ni kukusanya, kwa Kiswahili na kwa Kinande, majina ya majira, samaki, pepo na magonjwa kwa wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi, ambao wangali wakivua katika ziwa lilelile. Mfupa uko Brussels, lakini wajuzi wa ziwa wako ukingoni, na hadi sasa wasomaji wa mfupa hawajawauliza.