Sebule ya Kuazima

Waandishi chipukizi wenzangu, siku hizi mmeshikwa na homa ya kulilia gemu za utotoni. Kila nikifungua hadithi fupi nakutana na mtoto kakaa kwenye zulia sebuleni, pedi mkononi, mama anaita chakula tayari. Fani nzuri, lugha laini. Lakini jamani, sebule hiyo ni ya nani?

Tumeiazima Marekani na Japani. Kule mabishano ni ya kweli. Upande mmoja kuna mashine za kusimama zilizowekwa kwenye kumbi na mabaa, unazitumbukizia sarafu: Space Invaders ya mwaka 1978, Pac-Man ya 1980. Upande wa pili kuna vyombo vya kuunganisha na runinga ya nyumbani, kama Atari 2600 ya 1977 na Famicom ya Nintendo ya 1983. Wa kwanza wanaukumbuka umati, wa pili wanakumbuka faragha. Na tofauti imo hata kwenye utunzi. Mchezo wa sarafu ulitungwa ukuue upesi ili utoe sarafu nyingine. Wa nyumbani umeshaulipia, basi unaweza kukusimulia kisa kirefu. Mmoja hadithi fupi, mwingine riwaya.

Sasa tuje kwetu. Tanzania Bara runinga ilianza kurusha matangazo mwaka 1994 (Zanzibar walitutangulia kwa miaka 20 hivi). Famicom ilikuwa na miaka 11 tayari! Na huku Mbulu na Hanang, ambako umeme ulichagua nyumba za kuingia, wengi wa rika langu hatukuikuta gemu sebuleni. Tuliikuta bandani, iwe Katesh, Haydom au Dongobesh: chumba cha mbao, pazia zito mlangoni, runinga mbili na PlayStation 2. Unatoa shilingi 200, unapewa mechi moja. Ukifungwa unapisha.

Yaani chombo kilichoundwa kwa ajili ya sebule tukakigeuza kuwa mashine ya sarafu. Angalieni Tekken. Namco, walewale wa Pac-Man, waliutoa mwaka 1994 kwenye mashine za sarafu, mwaka uliofuata wakauhamishia nyumbani kwenye PlayStation. Ulipofika kwetu ukarudi ulikotoka: raundi, kipigo, toa hela nyingine. Ndiyo maana ulitamba, pamoja na soka. Haukuhitaji kesho.

Iliyoumia ni San Andreas ya mwaka 2004. Hiyo ni riwaya hasa. CJ anarudi mtaani kwao baada ya mama yake kuuawa, anamkuta kaka yake ana kinyongo naye kwa kuwakimbia. Mwanzo gani huo! Yeyote wa kwetu aliyewahi kupanda basi kurudi kuzika anaujua. Lakini bandani iliuzwa kwa dakika, na dakika 10 huwezi kuzimaliza kwa kusikiliza habari za msiba, tena kwa Kiingereza. Tukaruka yote, tukaiba gari, polisi wakatufukuza, muda umekwisha. Anayefuata naye anaanzia palepale. Sikuwahi kuona mtu akiifikisha mwisho. Mimi naandika riwaya, na jambo hili linaninyima usingizi: msomaji wangu ana dakika ngapi mfukoni?

Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye hadithi zenu, sikioni. Benchi liko wapi? Watu 12 wanamtazama mmoja akicheza, wanabishana kwa Kiiraqw na Kiswahili, na asiye na hata senti ndiye kocha mkuu. Kijana wa Kibarbaig kaja mnadani, fimbo kaiegemeza mlangoni, anatazama saa nzima bila kusema neno. Mwenye banda anazijua dakika zako kuliko unavyozijua wewe. Wasichana hapo mimi sikuwaona, kwa hiyo mnaowaweka ili mapenzi yapate pa kuanzia, bwana, mnatudanganya.

Najua mtanijibu kwamba wapo waliokuwa nayo nyumbani, watoto wa watumishi na wafanyabiashara. Sawa, waandike sebule yao. Ila wawaandike na wale waliokuwa wanachungulia dirishani, maana dirisha lilikuwa limejaa.