Uso wa Tina katika Wimbo wa Lawino

Wimbo wa Lawino ni kitabu ambacho mchungaji hana budi kukisoma. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1966. Paul Sozigwa, aliyejulikana sana kama mtangazaji wa Redio Tanzania, alikitafsiri, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1975. Ndivyo malalamiko ya mke aliyedharauliwa yalivyotufikia kwa lugha ya mimbari zetu.

Mumewe, Ocol, amemfuata Tina, mwanamke apakaye poda na kujichubua ili afanane na mzungu. Hoja ya Lawino ni nzito. Hadai kwamba uzuri wa Mwafrika wawashinda wengine; ataka kila taifa liachiwe urembo wake, na nywele zitunzwe jinsi zilivyoumbwa. Ocol alijifunza wapi dharau yake? Shuleni na kanisani, pale alipopewa majina mapya. Naye Lawino alipouliza juu ya uumbaji, walimu wa dini hawakumjibu. Jambo hilo si geni kwetu. Hata Rubafu, kando ya ziwa, mtoto ana jina la Kihaya na jina la ubatizo, na ni hili la pili tu lililohesabiwa kuwa la Kikristo.

Hata hivyo, Lawino anaivunja kanuni yake mwenyewe. Anamcheka Tina kwa midomo yake, kwa mwili wake, na kwa uso ulioliwa na dawa. Ocol alipata kujibu katika kitabu kingine, mwaka 1970. Tina hakujibu kamwe. Nasi tukemeapo mkorogo kwa mzaha tunafanya vivyo hivyo: usharika hucheka, na dada mmoja huinamisha kichwa. Uso ulioungua nao ni wa mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwa. 1:27).

Tutazame pia Wimbo Ulio Bora 1:5. Biblia yetu ya Kiswahili imeweka "lakini" kati ya weusi na uzuri wa bibi yule. Kiunganishi cha Kiebrania chaweza pia kuwa "na". Septuaginta ilifasiri hivyo, bali Vulgata ilichagua "lakini". Tina amelelewa katika "lakini" hiyo, na Kanisa limeshiriki kumlea. Yatupasa sasa kumfundisha "na", yeye pamoja na Lawino, tena bila kicheko.