Masikio ya fundi umeme

Alfajiri ya Tukuyu ina baridi na mvua, na betri iliyochoka huumbuka hapo. Katika kata ya Bagamoyo, hapahapa Tukuyu, dereva wa gari la Noah anageuza ufunguo: tak! Kimya. Abiria wa Mbeya wanatazamana. Anaitwa fundi umeme.

Hafungui kitu kwanza. Anasema, "Piga tena, kaka," kisha anasikiliza. Tak-tak-tak ya harakaharaka ni betri kuishiwa nguvu. Tak moja nzito humpeleka kwenye stata, mota ya kuwashia injini. Anawasha taa kubwa: zikififia ufunguo ukigeuzwa, umeme hautoshi au haupiti vizuri, zikibaki kali, anashuka chini ya gari.

Leo zimefifia. Anapima betri: volti 12.6, imejaa. Basi njia ndiyo iliyoziba. Kwenye terminali kuna unga wa kijani wa shaba iliyolika. Anachomoa hasi kwanza, anasugua kwa msasa hadi risasi ing'ae, anakaza, anapaka grisi. Waya wa ethi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi, anaukagua pia, maana wengi huusahau.

Siku nyingine hulala kwenye tope, akigonga stata taratibu kwa mpini wa spana ili kaboni zilizolika zishike kwa mara ya mwisho, na humwambia mwenye gari wazi kwamba hiyo si dawa.

Leo, injini inanguruma. Gari linaondoka na mwalimu, mgonjwa na mikungu ya ndizi. Anabaki akifuta mikono kwa tambara. Angeweza kuuza betri mpya; ameuza ukweli, kwa bei ya msasa.