Zilipendwa na Mtunzi Aliye Hai

Neno "zilipendwa" lina ukatili ambao mazoea yameuficha. Ni kitenzi cha wakati uliopita katika kauli ya kutendwa: mpendaji hatajwi, na mapenzi yenyewe yamekwisha. Nyimbo zaweza kulistahimili, kwani wimbo hauoti mvi. Taabu ni ya mtunzi aliye hai, apandaye jukwaani huku akitambulishwa kwa neno linalomzika.

Shem Ibrahim Karenga aliishi na neno hilo mpaka alipofariki mwezi Desemba 2014. Alitokea Kigoma, akajiunga na Tabora Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1970, na "Dada Asha" ikalipeleka jina la bendi hiyo ya bara kila palipokuwa na redio. Halikuwa jambo dogo. Tabora, njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ilikuwa imezoea kupokea sauti za wapita njia, na reli iliyofika mwaka 1912 ilizidisha mazoea hayo. Tabora Jazz iliugeuza mkondo. Msikilizaji wa Goweko, kituo kidogo ambacho treni itokayo pwani hukipita kabla ya kuingia Tabora, hakulazimika tena kungoja sauti ya Dar es Salaam au ya Kongo. Redio ilimletea ya jirani yake.

Baadaye Karenga aliendelea Dar es Salaam na Tabora Jazz Star. Wahakiki wepesi husema wazee wa namna hii wanalilia umaarufu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mpinzani wa mwimbaji mzee si kijana wa Bongo Fleva, bali ni yeye mwenyewe, aliyehifadhiwa katika kanda za Redio Tanzania, ambaye pumzi yake haipungui. Hadhira inayomtaka airudie sauti ile inautaka ujana wake yenyewe, kisha mzee ndiye anayelaumiwa kwa kung'ang'ania ya kale!

Visiwani jambo hili laweza kuonekana geni, kwa sababu ya Bi Kidude. Tuzo ya WOMEX ilimfikia mwaka 2005 akiwa bibi kizee, miaka minane kabla ya kufariki, na makunyanzi yake yaliongeza uzito wa kila neno. Lakini Bi Kidude alikuwa na unyago nyuma yake, ambamo kungwi hupata kauli kwa umri. Dansi haina kiti hicho. Iliuza suruali mpya, gitaa la umeme na mapenzi ya vijana. Mzee ndani yake ni mgeni aliyechelewa kuondoka.

Shikamoo Jazz, iliyoanzishwa katika miaka ya 1990, ilijaribu kukichonga kiti hicho. Humo alikuwamo Salum Zahoro, aliyeongoza Kiko Kids ya Tabora. Jina lake lilikuwa werevu mtupu: lilimfanya msikilizaji aamkie kabla hajahukumu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya walichoombwa kupiga ni kile kile cha ujanani. Wazee waliamkiwa, hawakuulizwa habari. Wimbo wa dansi unaosema jinsi mapenzi yanavyokuwa mtu afikapo miaka sabini ni adimu, ingawa waliokuwa na haki ya kuutunga walikuwapo jukwaani, vyombo mikononi.

Mtangazaji apigaye "Dada Asha" leo huitaja bendi, pengine na mtunzi. Alichotunga mtunzi huyo baada ya hapo hakitaji.